Maji Hayapiti Ukutani, Hupita Kwenye Maungio

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, na nyinyi mliokuja kwa sababu karavani zenu, hizi nyumba ndogo za kukokotwa na gari, zimeanza kunuka uvundo, nawashukuru kwa kunialika.

Niliombwa nizungumzie mbinu mpya za kuunda karavani, na kama kweli zimekomesha kuvuja. Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: hazijakomesha. Zimepunguza matundu, na zimebadilisha kitu kinachoharibika pindi maji yakishaingia. Hayo ni mafanikio makubwa na sitaki kuyabeza. Ila sivyo vipeperushi vya wauzaji vinavyosema.

Tuanze na ukuta wenyewe. Bati la alumini lisilotobolewa haliingizi maji. Faibaglasi nayo haiingizi. Hata ubao ukipakwa rangi vizuri huvumilia mvua nyingi. Waunda majahazi wanalijua hili tangu enzi: ubao wenyewe hauwasumbui, kinachowasumbua ni mwanya kati ya ubao na ubao, ndiyo maana wakatia kalafati, ile pamba ya kuziba mianya. Karavani ni hivyo hivyo, ila ina mzigo wa ziada. Imeundwa kwa vitu visivyotanuka sawasawa, na vitu hivyo vimefungwa pamoja, kisha vinakokotwa barabarani kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huku vikitikiswa na kila shimo.

Nitakaa kidogo kwenye hesabu, mnivumilie. Alumini hurefuka kwa takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Chukua bati la urefu wa mita 7. Kutoka alfajiri ya baridi hadi adhuhuri ya jua kali, uso wa paa unaweza kupanda nyuzijoto 40 bila shida. Bati hilo litakuwa limerefuka karibu milimita 6 na nusu. Mbao ya msonobari iliyo chini yake, ikipimwa kwa urefu wake, hairefuki hata milimita 2. Plastiki ya ABS, ile iliyopendwa sana kwa uso wa mbele na wa nyuma kwa sababu huumbika kwa urahisi, hutanuka mara tatu ya alumini au zaidi. Sasa kamata vyote vitatu, vipige skrubu, uviambie viishi pamoja miaka 20. Kila siku ya jua vinavutana. Kinachokubali kushindwa kwanza ni kile laini kilichowekwa katikati yao, yaani mastiki, ile dawa ya kuziba mianya. Na pale plastiki ilipobanwa isipate nafasi ya kucheza, hupasuka yenyewe. Zile nyufa nyembamba kama unywele mnazoziona kwenye kona za paneli za nyuma mara nyingi asili yake ni hiyo, wala hakuna aliyeigonga.

Hesabu ya pili ni ya upepo. Karavani ikikata hewa kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaopiga uso wake unasukuma kwa kanieneo ya paskali 460 hivi. Nguvu hiyo inatosha kuyapandisha maji ndani ya mwanya kwa kimo cha sentimita 4 na nusu. Nasema kuyapandisha, yaani kwenda juu. Kwa hiyo kiungo kilichobuniwa kwa imani kwamba maji huteremka tu kinaweza kuwa salama kabisa karavani ikiwa imeegeshwa, halafu kikanywa maji safarini. Watu huniambia: fundi, nimeimwagia maji kwa mpira mchana kutwa na ndani pakavu. Nawaamini. Lakini uliimwagia imesimama.

Sasa tuje kwenye mbinu. Karavani ya matembezi ya kwanza inayotajwa sana ni Wanderer, gari la kukokotwa na farasi lililoundwa mwaka 1885 na Bristol Wagon Works kwa ajili ya daktari na mwandishi William Gordon Stables. Lilikuwa la mbao tupu, kazi ya maseremala. Farasi walipobadilishwa na injini uzito ukawa tatizo, na Uingereza ikaishia kwenye muundo uliotawala kwa miongo mingi: mifupa ya mbao laini, povu la polistirini katikati, plaiwudi ya milimita 3 upande wa ndani, na bati la alumini upande wa nje. Muundo huo ni mwepesi, ni rahisi kuunda, na fundi yeyote mwenye msumeno anaweza kuurekebisha. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu tutalihitaji baadaye.

Ubaya wake uko pembeni, pale ukuta unapokutana na paa na unapokutana na uso wa mbele. Mwanya huo hufunikwa kwa reli ya alumini, ile ile tunayoingizia kamba ya turubai la kivuli. Chini ya reli kuna utepe wa mastiki, na reli inashikiliwa na msururu wa skrubu zinazopenya bati na kuishia ndani ya mbao. Hebu litazameni hilo kwa jicho la maji. Kila skrubu ni tundu, na kila tundu mwisho wake ni kitu kinachooza. Mastiki ikikauka na kusinyaa, maji yanaufuata uzi wa skrubu mpaka ndani. Kama skrubu ni ya chuma, chuma na alumini vikikutana na maji ya chumvi huanza kulana, kutu inapanua tundu, na sasa maji hayahitaji tena kutafuta njia. Mbao ikizidi unyevu wa asilimia 20 kuvu huanza kupata riziki. Ikikaribia asilimia 30 imeshiba, na kuoza kunakwenda kasi. Muda wote huo mwenye karavani haoni kitu, kwa sababu plaiwudi ya ndani imefunikwa na karatasi ya mapambo isiyopitisha maji. Siku anayobonyeza kwa kidole na ukuta ukabonyea, ugonjwa una miaka.

Ndiyo maana huko Uingereza karakana hutumia kipima unyevu kila mwaka. Chini ya asilimia 15 hakuna la kuogopa. Kati ya 15 na 20, fuatilia. Ukivuka 20, tafuta chanzo. Ukivuka 30, andaa mfuko, maana hapo mara nyingi mbao imeshaharibika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kujenga ukuta kipande kwa kipande na kuugandisha wote kama paneli moja: ngozi ya nje, povu, ngozi ya ndani, vinapakwa gundi na kubanwa kwa mashine mpaka viwe kitu kimoja. Paneli ya namna hii ni ngumu kuliko jumla ya sehemu zake. Kampuni ya Hymer ya Ujerumani ina ukuta inaouita PUAL, wa poliyurethani, ambayo ni aina ya plastiki, na alumini, na sifa yake ya kudumu haikuletwa na matangazo. Lakini angalieni: ukuta uliogandishwa bado lazima ukutane na paa. Kwa miaka mingi viwanda viliunda paneli za kisasa, halafu vikaziunganisha pembeni kwa njia ile ile ya babu, reli na skrubu.

Kampuni ya Bailey ya Bristol, Uingereza, kwa maoni yangu, ndiyo iliyouliza swali lililo sahihi. Mwaka 2009 walitoa mfumo wa Alu-Tech. Badala ya kupigilia paneli kwa nje, walitumia vyuma vya alumini vilivyofinyangwa vikashikana kama meno, vikiibana kingo ya ukuta na kingo ya paa kutoka ndani. Ngozi ya nje ikabaki na matundu machache sana. Sioni ubora wa wazo hilo kwenye alumini, ingawa ndiyo iliyotiwa kwenye jina. Naona ubora wake katika kubana pasipo kutoboa. Kampuni nyingine ya huko, Swift, wakaja na SMART, fremu ya poliyurethani isiyo na mbao. Wenzao Elddis wakaja na SoLiD, wakishirikiana na watengeneza gundi wa Henkel, na hoja yao ikawa kwamba gundi igandishe bodi nzima badala ya skrubu. Gundi inayonyumbulika ina faida ambayo skrubu haina: mzigo unasambaa kwenye mstari mzima wa kiungo, wakati skrubu inaubeba mzigo wote mahali pamoja, na hapo ndipo tundu linapopanuka.

Kuna wanaosema dawa ni kuondoa maungio kabisa, bodi iumbwe kwa kalibu. Mwaka 1968 huko Winnipeg, Kanada, Ray Olecko alitoa Boler, karavani ndogo ya faibaglasi yenye nusu mbili tu, ya juu na ya chini, zinazokutana kiunoni. Kampuni ya Scamp ya Minnesota, Marekani, wanaendelea na mtindo huo hadi leo. Nyingi za miaka ya 1970 bado ziko barabarani, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu karavani nyingi za mbao za umri huo. Lakini hata hizo zinavuja, na zinapovujia panachekesha kidogo. Makabati ya ndani yalishikiliwa kwa ribiti zilizopenya bodi mpaka nje. Ukaondoa maungio yote ya ukuta, halafu ukatoboa ukuta ili kutundika kabati la vikombe!

Karavani za Airstream za Marekani nazo zina funzo lake. Bodi ni alumini juu ya mbavu za alumini, kwa hiyo ngozi na mifupa vinatanuka kwa kipimo kimoja. Lile vuta nikuvute la kwanza halipo. Ila zimeshonwa kwa maelfu ya ribiti, na maji yakipenya hushuka kimya nyuma ya ukuta mpaka chini, yakakuta sakafu ya plaiwudi. Anayenunua Airstream ya zamani huanza kukagua sakafu ya nyuma, sehemu inayokutana na bodi. Bodi inang'aa, sakafu imekuwa uji.

Huko huko Marekani matrela mengi yana paa la utando wa mpira wa EPDM au wa plastiki ya TPO, ambalo ni kipande kimoja kikubwa na lenyewe halina neno. Balaa lake ni kingo na vifuniko, vinavyotegemea mastiki ya kumimina inayopaswa kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Kuta zao za kugandishwa zilikuwa na plaiwudi nyembamba nyuma ya faibaglasi. Tone likiingia, plaiwudi inavimba, gundi inaachia, na ukuta unatoa malengelenge unayoyaona ukiwa upande wa pili wa maegesho. Sasa wengine wametoa plaiwudi hiyo na kuweka Azdel, mchanganyiko wa plastiki ya polipropilini na nyuzi za kioo, ambayo haiozi. Tambueni mabadiliko hayo yamefanya nini na hayakufanya nini. Tundu liko pale pale. Aliyeondolewa ni mhanga.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mafundi tunaliona na wauzaji hawalisemi. Maji yasipokuwa na mbao ya kuozesha hayatoweki. Yanateremka. Yatapita kwenye mstari wa gundi, yatafuata waya wa taa, yatafika sakafuni, na sakafu za karavani nyingi zinazoitwa hazina mbao bado ni plaiwudi juu na plaiwudi chini na povu katikati. Tabaka hizo zikibanduka, sakafu inaanza kulia na kudundadunda mguu unapokanyaga karibu na mlango. Halafu kuna suala la kukauka. Ukuta wenye faibaglasi nje na plastiki ndani ni chupa. Unyevu ukishaingia hauna pa kutokea.

Vipimo vyetu navyo vimepitwa. Kipima unyevu kimesanifiwa kwa mbao. Kiguse mahali penye fremu ya alumini nyuma ya ukuta, kitapiga kelele kana kwamba umekichovya mtoni. Kiguse plastiki, kitakuambia pakavu wakati nyuma yake kuna dimbwi. Fundi anayekuja na kifaa kile kile na jedwali lile lile kwa kila karavani anakuuzia tarakimu. Kwa bodi hizi mpya naiamini zaidi njia ya hewa: funga matundu yote ya hewa, weka feni inayosukuma hewa ndani hadi kanieneo ipande kidogo, kisha pitisha maji ya sabuni nje kwenye kila ungio. Panapotoa mapovu ndipo panapoingiza maji. Njia hii haijali ukuta ni wa nini, na inafichua tundu kabla tone la kwanza halijaingia, wakati kipima unyevu hukupa taarifa ya msiba.

Mtu ataniuliza, je, ule unyevu wa asubuhi kwenye madirisha? Huo kwa kawaida ni pumzi zenu na mvuke wa jiko uliokutana na kitu baridi. Fremu za alumini huzidisha hilo kidogo, kwa sababu alumini hupitisha baridi hadi ndani. Ukiona doa linalotanda kutoka kona moja, na linakua baada ya mvua hata kama hakuna aliyelala humo, huo si mvuke.

Narudi kwenye matundu, maana kuna aina moja inayoniudhi kuliko zote: yale tunayoyatoboa wenyewe. Mtu anatumia fedha nyingi kupata karavani yenye paa la kipande kimoja, lisilo na hata skrubu moja juu. Mwezi wa pili anapanda na drili kufunga paneli ya sola. Kisha antena. Kisha kifuniko cha pili cha hewa, kwa sababu usiku kulikuwa na joto. Kiwandani kila tundu lilikuwa na mchoro, utepe wake na ukaguzi wake. La kwetu lina mastiki iliyobaki kwenye tyubu tangu mwaka jana. Paneli za sola zinaweza kugandishwa kwa gundi ya poliyurethani kwenye vikalio vya plastiki bila kutoboa chochote, isipokuwa tundu moja la waya, ambalo linafunikwa kwa kofia. Na kabla ya kutoboa popote, kumbukeni kwamba madirisha, vifuniko vya paa, taa za pembeni na tundu la hewa la friji tayari ni matundu makubwa yaliyohalalishwa. Karavani nyingi zinazoletwa kwangu na malalamiko kwamba teknolojia mpya imeshindwa zinavujia hapo hapo. Mpira wa dirisha umekauka, basi. Alu-Tech au SMART haina uhusiano na mpira wa dirisha.

Hilo linatufikisha kwenye waranti. Siku hizi kampuni kadhaa kubwa za Uingereza hutoa miaka 10 dhidi ya maji kupenya kwenye bodi. Ni ahadi nzuri, na inaonyesha wana imani na kazi yao. Soma maandishi madogo. Mara nyingi ahadi inahusu maungio ya kudumu ya bodi, na madirisha na vifuniko vina masharti yao mafupi zaidi. Pia karavani lazima ikaguliwe kila mwaka na karakana inayotambuliwa, kumbukumbu ikaandikwa. Ukaguzi mmoja ukirukwa, miaka yote iliyobaki huenda ikapotea. Anayenunua karavani iliyotumika aombe kitabu cha ukaguzi kwanza. Karatasi hizo zinaeleza mengi kuliko mng'ao wa rangi.

Sasa lile nililowaambia tutalihitaji. Karavani ya mbao ikioza kona, fundi anafungua plaiwudi ya ndani, anakata mbao mbovu, anaweka mpya, anarudisha. Ni kazi ya siku kadhaa na vumbi jingi, lakini inafanyika karakana yoyote. Ukuta uliogandishwa ukiharibika katikati, hakuna pa kufungulia. Unakata kidirisha na kujaza, ukiomba Mungu gundi mpya ishike kwenye povu la zamani, au unaagiza paneli nzima kutoka kiwandani, kama bado wanaitengeneza. Kwa hiyo tumebadilishana: karavani ya zamani ilivuja mapema na ikatibika kwa urahisi, ya sasa inachelewa kuvuja na matibabu yake ni upasuaji. Mimi binafsi ningechagua ya sasa, bila kusita, lakini ningemuuliza muuzaji swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye maonyesho: kona hii ikiharibika baada ya miaka 12, inafunguliwaje? Akianza kunionyesha tena mito ya viti, nimepata jibu.

Nimeombwa nifupishe, kwa hiyo la silikoni nitalijibu hapa hapa, maana watu watatu wameniuliza mlangoni. Ile tyubu ya silikoni ya bafuni usiipake kwenye maungio ya karavani. Haishiki vizuri kwenye alumini iliyopakwa rangi na plastiki zinazotanuka, ikibanduka ukingo mmoja inageuka mfuko unaokusanya maji, na ukitaka kuirekebisha hakuna mastiki nyingine itakayokubali kushika juu ya mabaki yake. Chini ya reli tumia utepe wa butili, aina ya mpira laini unaonata, ambao haukauki ukawa mgumu. Palipo wazi kwenye jua tumia mastiki ya poliyurethani au ya polima ya MS, kulingana na plastiki uliyo nayo. Na ufungue reli kwanza. Kupaka mastiki kwa juu bila kufungua reli ni kuyafungia maji ndani.

Karibuni kwa maswali.